Karavani ya mtumba ikigoma stima: dalili na pa kuanzia kutafuta

Mwalimu mmoja mstaafu wa upande wa Njoro alinijia hapa Nakuru akivuta karavani ya Kiingereza, na kwenye buti la gari amebeba betri mpya. Ilikuwa ya tatu mwaka huo. "Fundi, nifungie hii," akaniambia, "hizo zingine mbili zilikuwa feki." Nikamwomba dakika kumi. "Mwalimu, wacha kwanza tuiulize hii iliyomo ndani." Iliyomo ndani ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kibovu ni boliti moja ya spana 13 chini ya sakafu, iliyobana waya mweusi kwenye chesisi. Ilikuwa imevaa unga wa kijani mithili ya ukungu wa mkate. Msasa wa shilingi chache ungetosha.

Ninaandika haya kwa yeyote aliyenunua karavani iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu wanne, kila mmoja akaacha waya wake. Karavani ya namna hiyo haina mchoro. Ina kazi ya kiwandani, kazi ya fundi aliyeongeza soketi, kazi ya fundi aliyemsahihisha huyo, na kazi ya mwenyewe aliyefunga redio usiku kwa tochi ya simu.

Kuna stima tatu humo ndani

Ukizichanganya hizi hutapona. Ya kwanza ni ya taa za barabarani, inayotoka kwenye gari kupitia plagi ya pini 7, au pini 13 kwa karavani za Ulaya za miaka ya karibuni. Ya pili ni ya nyumba: betri ya volti 12, taa za ndani, pampu ya maji, feni. Ya tatu ni ya volti 240, unayovuta kutoka ukutani kwa waya mnene wenye plagi ya buluu ya ampi 16.

Hizo mbili za volti 12 hazitakurusha, ila spana ikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja inaweza kukuchoma kidole na kuwasha godoro. Ya tatu inaua. Kwa hiyo kila mara, kabla ya kufungua kifuniko chochote, ng'oa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Ing'oe uiweke mahali unapoiona, maana mtoto au mgeni mwenye simu iliyoisha chaji atairudisha.

Vifaa ni vichache: maltimita ya bei ya kawaida, balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa na nyaya mbili, msasa, brashi ya chuma, spana, na waya mmoja mrefu wa mita nane hivi wenye klipu za meno pande zote mbili. Watu huniuliza balbu ni ya nini kama kuna maltimita. Waya ukiliwa na kutu hadi unagusana kwa shida, maltimita itakusomea volti 12.6 na kukuambia mambo ni mazuri, kwa sababu yenyewe hainywi stima. Balbu inakunywa karibu ampi 2, na mguso ule wa shida hauwezi kuilisha. Balbu haidanganyiki.

"Taa zinafifia pampu ikiwaka"

Hii ndiyo dalili ninayoletewa kuliko zote, na ndiyo iliyomnunulisha Mwalimu betri tatu. Unafungua bomba, pampu inalia kwa unyonge, taa zinashuka rangi kuwa za machungwa, ukifunga bomba zinarudi. Kila mtu anasema betri imechoka. Huenda. Lakini pima kwanza, na upime pampu ikiwa inafanya kazi. Kipimo cha pampu ikiwa imelala hakina maana yoyote.

Weka ncha za maltimita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, kwenye risasi, usiziweke kwenye klampu. Mtu mwingine afungue bomba. Betri yenye chaji itashuka kidogo tu, mathalani kutoka 12.6 hadi 12.3. Ikiporomoka hadi 11 au chini papo hapo, basi kweli ni betri. Ikibaki pale juu, betri haina kosa. Stima inapotea njiani.

Sasa ifuate. Ncha moja iache kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili iguze chuma cha chesisi, bomba likiwa wazi. Kwenye karavani nzima utasoma karibu na sifuri, volti 0.1 au 0.2. Kwa Mwalimu nilisoma 2.8. Hizo volti 2.8 zilikuwa zinateketea pale kwenye boliti yenye ukungu, na pampu ilikuwa inaambulia chini ya 10. Nikachukua ule waya wangu mrefu, klipu moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye waya hasi wa pampu. Pampu ikaruka kama imepigwa kofi. Mwalimu akaniangalia, akaangalia betri yake mpya kwenye buti, akacheka peke yake.

Mafundi wa hapa huita njia hiyo ya kurudi "athi". Watu hufuata waya mwekundu siku nzima na kuusahau mweusi, ilhali stima inayokwenda lazima irudi, na njia ya kurudi ndiyo inayofungwa chini ya sakafu, kwenye matope. Ukilaza karavani kando ya Nakuru au Elementaita, vumbi la magadi la maziwa hayo linaingia kila tundu, na mvua ya masika ikililowesha linakula shaba na chuma. Kisumu hali ni nyingine: hewa yenyewe ni ya majimaji mwaka mzima, na boliti iliyosuguliwa mwezi wa pili inaweza kuwa na kutu mwezi wa sita.

Kutengeneza si kukaza tu. Fungua boliti, toa waya, sugua rangi ya chesisi hadi uone chuma kinang'aa, sugua pia kiatu cha waya, yaani kile kichuma cha kwenye ncha yake, weka ile pete ya washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu. Grisi ni ya mwisho, baada ya kukaza. Kiatu kikiwa kimekwisha kuwa cheusi hadi ndani ya waya, kata sentimita kadhaa hadi ufikie shaba nyekundu, uweke kiatu kipya.

Athi ikiwa safi na pampu bado inalia, angalia unene wa waya. Chukua betri iliyo mbele na pampu iliyo nyuma, mita 6. Kwenda na kurudi ni mita 12. Pampu ikinywa ampi 5 kupitia waya wa milimita mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, unapoteza kama volti 0.7 njiani. Badilisha uwe wa milimita mraba 4 na upotevu unashuka chini ya 0.3. Kwa stima ya ukutani volti 0.7 si kitu. Kwa betri ya volti 12, ambayo tofauti kati ya kujaa na kufika nusu ni nusu volti tu, ni nyingi. Ndiyo maana fundi wa nyumba, hata awe hodari namna gani, akiingia kwenye karavani hufunga waya mwembamba mno.

"Hakuna kinachowaka kabisa"

Usifungue ukuta. Mara nyingi ni jambo la kijinga. Karavani nyingi za Uingereza zina swichi kwenye paneli ya ndani inayochagua kati ya betri ya gari na betri ya karavani, na mnunuzi hakuambiwa. Kuna nyingine ya kuzima kila kitu, mara nyingi imejificha ndani ya kabati la nguo. Baada ya hapo angalia fyuzi kubwa iliyo karibu na betri, halafu klampu za betri kama zinazunguka kwa mkono.

Fyuzi ndogo za plastiki zina rangi za kudumu: kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Ukikuta ya kijani mahali ambapo kifuniko kimeandikwa 10, huyo aliyekutangulia alikuwa na shoti asiyoiweza akaamua kuilisha. Nimewahi kukuta msumari. Karatasi ya sigara ni jambo la kawaida. Fyuzi inalinda waya, na waya huo umepita nyuma ya mbao kavu na sponji.

Fyuzi ikikatika papo hapo kila ukiiweka, acha kuzichoma. Chomeka ile balbu ya wati 21 mahali pa fyuzi na uchomoe vyombo vyote vya njia hiyo. Maadamu shoti ipo, balbu itawaka kwa nguvu zote na haitaungua kitu. Sasa tembea na njia ya waya, ukiutikisa, ukifungua droo, ukiinua meza. Pale balbu inapozima ghafla ndipo penyewe. Mara ya mwisho nilipofanya hivi ilikuwa ni skrubu ya bawaba ya kabati. Mwenye karavani alikuwa amebadilisha mlango na kutoboa waya katikati.

"Naegesha betri imejaa, nikirudi imekufa"

Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7. Kwenye 12.2 imebaki nusu hivi. Ikisoma 11.8 imeisha, na ikiachwa hapo wiki kadhaa inaota chumvi ngumu kwenye sahani zake na hairudi tena ilivyokuwa. Kwa hiyo betri inayokunywewa usiku na mchana kimyakimya inakufa mara mbili.

Mnyweaji huwa mdogo. King'ora cha gesi, redio inayokumbuka stesheni, taa ndogo nyekundu ya paneli: kwa pamoja vinaweza kufika ampi 0.15. Mara saa 24 ni ampi-saa 3.6 kwa siku. Betri ya ampi-saa 100 inafika nusu ndani ya wiki mbili, na hakuna aliyewasha hata taa moja.

Kumpata, zima kila kitu, chomoa waya hasi wa betri, weka maltimita kwenye tundu la ampi 10 na uiweke katikati, kati ya kichwa cha betri na waya huo. Usithubutu kuwasha pampu au friji wakati huo, unaweza kuchoma fyuzi ya maltimita. Soma. Kisha toa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Iliyoishusha ndiyo njia ya mwizi.

Halafu kuna friji. Zile friji za karavani zinazotumia gesi, stima ya 240 na volti 12 huchanganya watu wengi. Kwa volti 12 zinakula ampi 10 au zaidi bila kupumzika, na zimewekwa hapo kwa ajili ya safari, injini ya gari ikiwa inanguruma. Ukiiacha kwenye volti 12 baada ya kuegesha, betri ya ampi-saa 100 haitafika asubuhi. Ukifika kambini, geuza iwe gesi. Na usawazishe karavani, kwa sababu friji ya aina hiyo ikiinama haipoi, na utamlaumu fundi wa waya bure.

Jambo la mwisho hapa ni maji ya betri. Betri zenye vifuniko vya kufungua zinataka maji ya betri ya dukani. Maji ya borehole ya hapa Nakuru, yale yanayotia meno rangi ya kahawia, usiyatie humo.

"Nimeivuta kutoka Kisumu na betri haikuchajiwa"

Injini ikiwaka, pima kwenye vichwa vya betri ya karavani. Unataka kuona kati ya 13.5 na 14.4. Ukiona 12.5, hakuna chaji inayofika. Pima kwenye betri ya gari: ikiwa huko kuna 14, stima inakufia katikati, na katikati kuna vitu vitatu tu, fyuzi, rilei na plagi ya nyuma. Rilei ndiyo inayounganisha betri mbili injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa. Ishike kwa kidole, mtu awashe gari, usikie inabisha.

Ukiona 13.0, inafika ila imechoka njiani. Hesabu ile ya unene wa waya inarudi hapa kwa ukali zaidi, kwa sababu kutoka injini hadi kwenye betri ya karavani ni mbali.

Magari mapya yana tatizo lao. Alteneta zao zinaongozwa na kompyuta na zinaweza kushusha volti betri ya gari ikishajaa, hivyo rilei ya kizamani hailali mahali pake na betri ya karavani inabaki njaa. Dawa ni chaja ya kati inayopandisha volti, nayo ni ghali kuliko rilei kumi. Nasikitika kusema hivyo.

"Ninawasha indiketa, na breki zinapepesa"

Mteja mwingine alitoka Kisumu kupitia Kericho na Londiani, akateremka Sachangwan akiwa na familia ndani ya gari. Karibu na Salgaa dereva wa lori aliyekuwa nyuma akampigia taa, akampigia tena, mwishowe akampita na kumwonyesha ishara ya mkono. Akasimama. Mkewe akashuka kuangalia nyuma huku yeye akibonyeza. Indiketa ya kulia ikiwashwa, taa zote za nyuma, kulia na kushoto, zilikuwa zinafifia na kurudi kwa pamoja. Akikanyaga breki, indiketa inazima.

Ukiona taa zinashirikiana hivyo, usibadilishe balbu hata moja. Ni athi tena, safari hii ni pini namba 3. Stima iliyoingia kwenye balbu ya indiketa imekosa mlango wa kutokea, kwa hiyo inarudi kinyumenyume kupitia nyuzi za balbu nyingine hadi ipate athi kwenye gari. Kila balbu inayopitiwa inawaka kidogo. Chukua waya mrefu, klipu moja kwenye kichwa hasi cha betri ya gari, nyingine kwenye chesisi ya karavani. Taa zikitulia, umemaliza kutafuta. Fungua plagi, na karibu kila mara utakuta waya mweupe umechomoka kwenye skrubu yake au umegeuka mweusi.

Kwenye plagi nyeusi ya Uingereza ya pini 7, mpangilio ni huu: 1 njano, indiketa ya kushoto; 2 buluu, taa ya ukungu; 3 nyeupe, athi; 4 kijani, indiketa ya kulia; 5 kahawia, taa ya nyuma ya kulia; 6 nyekundu, breki; 7 nyeusi, taa ya nyuma ya kushoto. Plagi ya kijivu inayofanana nayo ni ya nyumba: betri na friji. Zingatia kwamba nyeusi hapo kwenye namba 7 si athi. Nimeona kazi tatu zilizoharibika kwa sababu fundi alizoea nyeusi ya magari.

Indiketa inayopepesa haraka mno ina sababu mbili: balbu moja imekufa, au mtu ameweka taa za LED zinazokunywa kidogo hadi gari linadhani balbu imekufa. Na ukikuta balbu zote zimeungua kwa pamoja, uliza karavani ilivutwa na nini mara ya mwisho. Malori mengi ni ya volti 24. Mtu aliyeunga nyaya kienyeji nyuma ya lori ili kuleta karavani kutoka Mombasa amezichoma zote kabla hajatoka mjini.

"Nikishika mlango ninarushwa"

Hapa simama. Ng'oa plagi ukutani kwanza, maneno baadaye.

Nilikutana na hili kwenye kambi moja kando ya Elementaita, asubuhi na umande. Mama mmoja alilalamika kwamba karavani "inawashawasha" akishika kishikio akiwa peku, ila akivaa ndara haimfanyi kitu. Watoto walikuwa wamegeuza mchezo. Nilifungua plagi ya ukutani, ile ya pini tatu bapa, nikakuta pini ndefu ya juu haina waya. Mtu alitengeneza waya wa mita 20 kwa kutumia waya wa nyuzi mbili wa taa ya mezani.

Kinachotokea ni kwamba karavani imesimama juu ya mpira. Elementi, ile inayopasha joto ndani ya friji au hita ya maji, ikivuja stima, ganda lote la bati linabeba stima, na breka haina habari kwa sababu stima haijapata njia ya kwenda ardhini. Mwenye miguu mitupu kwenye nyasi zenye umande ndiye anayeifungulia njia. Waya wa athi, ambao kwa stima ya ukutani ni ule wa kwenda ardhini, ungeipa njia yake mwenyewe, na swichi ya usalama ya miliampi 30, ile inayokata stima ikivuja, ingekata mara moja.

Plagi ikiwa imeng'olewa, weka maltimita kwenye omu. Ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye chuma kisicho na rangi cha karavani. Unataka chini ya omu 1. Ukisoma mia, au maltimita ikikataa, karavani hiyo haichomekwi hadi athi irudi. Kisha bonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya usalama ikiwa kwenye stima: isipokata, inunue mpya. Baada ya hapo mwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kudhibiti kawi, apime uvujaji wenyewe. Mimi ni mtu wa waya za magari na hapo ndipo ninapokabidhi.

Kama hakuna anayerushwa ila swichi ya usalama inakata, tenganisha kwa zamu. Zima vyombo vyote, chomoa plagi zake, rudisha swichi. Ikishika, rudisha chombo kimoja kimoja. Hita ya maji huwa ndiyo ya kwanza kushukiwa, hasa ikikaa mwaka bila kutumika. Ya pili ni friji. Ikikata hata vyote vikiwa nje, angalia tundu la buluu ubavuni mwa karavani kama limeingia maji. Breka ndogo za ampi 10 au 16 zikikata peke yake, swichi ya usalama ikabaki juu, hapo umezidisha mzigo: birika na hita kwa pamoja.

Jenereta ndogo za petroli zina ujanja wake. Nyingi hazijaungwa nyutro na athi, kwa hiyo swichi ya usalama inaweza isione uvujaji hata ukiwepo. Usiitegemee ukiwa kwenye jenereta.

Sola, kwa ufupi

Paneli ya volti 12 ikichomolewa na kuachwa juani husoma kama volti 20 na zaidi. Ikisoma hivyo na betri haipandi, angalia kidhibiti chake na nyaya zake. Unapofunga, unganisha betri kwenye kidhibiti kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume. Na futa vumbi. Kivuli cha tawi moja la mgunga kikikata paneli kinapunguza zaidi ya unavyodhani, kwa hiyo usiegeshe chini ya mti mzuri kisha uulize kwa nini.

Karavani za Marekani

Chache zinafika huku, na zinaunguza watu. Ndani ni volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 ya hapa, kila chombo kitakwenda na moshi. Inahitaji transfoma ya kushusha. Rangi nazo ni kinyume cha mazoea yetu: kwa stima ya ukutani nyeusi ndiyo laivu na nyeupe ndiyo nyutro, na mara nyingi hata upande wa volti 12 nyeusi ndiyo chanya na nyeupe ndiyo athi. Breki na indiketa hutumia balbu moja, kwa hiyo bila kigeuzi taa za nyuma zitaongea lugha usiyoijua.

Wageni wasiolipa

Karavani iliyolala miezi shambani hupata panya. Harufu ya mkojo kwenye kabati la betri ni dalili kama dalili nyingine yoyote. Fuata harufu kabla ya kufuata waya. Hula plastiki na kuacha shaba mbili uchi zikitazamana, na hazigusani hadi siku utakapopita kwenye matuta. Kwa Kisumu ongeza sami, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Wanajaa kwenye vifuniko vya taa za nje hadi mwanga unakufa, na wakilowa wanakuwa uji unaoshika maji kwenye kikombe cha balbu. Fungua kifuniko, toa uji, kausha, sugua kikombe. Taa ya nje ya karavani moja ya Dunga niliitengeneza kwa kijiko cha chai.